SOMO: Kutumia pawa saplai ya zamani kwenye kompyuta mpya

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Pawa saplai yangu bado inawaka, ninunue nyingine ya nini?" Pawa saplai ni lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo za kompyuta. Ndugu zangu, kuwaka si kipimo. Pawa saplai iliyochoka inaweza kuwaka kila asubuhi huku ikilisha mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) umeme unaoyumba. Na ikifa vibaya haifi peke yake, inaweza kuondoka na diski, mazabodi na kadi ya grafiksi uliyoidunduliza mwaka mzima. Hata hivyo, si kila ya zamani ni ya kutupa. Kompyuta ninayoandikia somo hili ina pawa saplai ya mwaka 2017, na nilipoihamisha kutoka mashine ya awali niliikagua kwa hatua hizihizi.

Hatua ya 1: Soma lebo ya ubavuni

Achana kwanza na ile namba kubwa ya wati. Prosesa na kadi za leo hula karibu umeme wao wote kwenye laini ya volti 12, wakati pawa saplai za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilielekeza sehemu kubwa ya nguvu kwenye volti 5 na volti 3.3. Ndiyo maana ya zamani iliyoandikwa wati 500 inaweza kushindwa na mpya ya wati 400. Tafuta safu ya +12V, chukua ampea zake, zidisha kwa 12. Ampea 30 ni wati 360, na hiyo ndiyo nguvu uliyonayo. Ukikuta laini mbili, 12V1 na 12V2, usizijumlishe mwenyewe. Chini yake huwa kuna jumla yake, nayo mara nyingi ni ndogo kuliko hesabu yako.

Angalia na umri. Kinachozeeka zaidi humo ndani ni kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, na adui wa kapasita ni joto: kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha yake kwa karibu nusu. Pawa saplai ya miaka 5 iliyofanya kazi kwenye kesi (kasha la kompyuta) iliyoziba kwa vumbi inaweza kuwa mzee kuliko ya miaka 8 iliyokaa penye hewa. Kanuni yangu ni moja: ikishapita miaka ya dhamana aliyoitoa mtengenezaji, siifungi kwenye mashine yenye kadi ya bei. Inakwenda kwenye mashine ndogo, au inapumzika.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mashine mpya

Tuchukue mfano. Prosesa ya Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, lakini ikikimbia hufika 88. Kadi ya RTX 4060 inakula 115. Mazabodi, kumbukumbu, diski na feni nazipa 60. Jumla 263, gawanya kwa 12, unapata kama ampea 22. Ile yetu ya ampea 30 inatosha na kubaki.

Kadi kubwa ni habari nyingine. Huwa zinavuta umeme kwa mshtuko, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na mshtuko huo unaweza kuzidi sana wati zilizoandikwa. Kiwango cha ATX 3.0 kilipotoka mwaka 2022 kilizitaka pawa saplai za kadi hizo zihimili mara mbili ya nguvu yake kwa sekunde ndogondogo 100, yaani sehemu 100 za milioni ya sekunde. Za zamani hazikuundwa kwa jaribio hilo. Ukiona mashine inazima ghafla katikati ya gemu wakati hesabu yako imetosha, anzia hapo.

Hatua ya 3: Vichwa vya nyaya

Unahitaji kichwa cha pini 24 cha mazabodi, cha pini 8 cha prosesa, na vya kadi. Cha pini 6 cha kadi hubeba wati 75, cha pini 8 hubeba 150. Kichwa cha prosesa na cha kadi, vyote vya pini 8, vinafanana kwa macho ila nyaya zake zimepangwa kinyume. Kikigoma kuingia, usilazimishe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kama pawa saplai ina nyaya za kuchomoa, tumia zile zilizokuja nayo tu. Upande wa diski na mazabodi pini zina kiwango kimoja dunia nzima. Upande unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe hauna kiwango chochote, kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, na hata kampuni moja hubadilisha kati ya toleo na toleo. Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilibadilisha pawa saplai na kuziacha nyaya za zamani ndani ya kesi, kwa kuwa nilishazipanga vizuri na vichwa viliingia bila tabu. Nilipobonyeza swichi nilisikia mlio mdogo, "tik", kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Volti 12 zilikuwa zimeingia kwenye njia ya volti 5. Nilipogeuza diski, kwenye ubao wake kulikuwa na alama nyeusi ndogo kuliko punje ya mchele. Diski mbili zilikufa pale, moja ikiwa na picha zote za harusi ya mdogo wangu. Hadi leo nyaya za kila pawa saplai nazifunga kwenye mfuko wake na kuandika jina juu.

Hatua ya 4: Kagua na upime

Mulika tochi kupitia matundu ya feni. Kapasita iliyovimba kichwa au kuvuja majimaji ya kahawia imekwisha. Nusa: harufu ya kuungua haiishi yenyewe. Zungusha feni taratibu kwa kijiti usikie kama inakwaruza. Usiifungue. Kapasita kubwa ya ndani hubeba zaidi ya volti 300 na inaweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Na kama nyuma kuna swichi ndogo ya 115 na 230, hakikisha imekaa kwenye umeme wako kabla ya kuchomeka.

Kuiwasha nje ya kesi: zima swichi ya nyuma, ungia feni au diski kuukuu iwe mzigo, kisha kwenye kichwa cha pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wa jirani kwa kipande cha waya. Washa. Kama nyaya zote ni nyeusi tafuta mchoro wa pini, usibahatishe. Kwa multimita (kipimo cha umeme), waya wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa kati ya 3.14 na 3.46. Ikitoka nje ya hapo, iweke kando. Ikiwa ndani, umejua tu kwamba haijafa: multimita haioni mtikisiko wa haraka wa umeme, na bila mzigo halisi volti hupendeza.

Hatua ya 5: Funga

Feni ielekee penye hewa, na kila kichwa kiingie mpaka kijifunge. Siku ya kwanza iendeshe nzito saa moja huku ukisoma volti kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka mashine inapowaka) au programu ya vipimo, na ukae karibu nayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo fundi. Kadi yangu mpya inataka pini 8, pawa saplai ina pini 6 moja tu. Kuna adapta ya kugeuza 6 kuwa 8, niichukue?

Jibu: Marahaba. Usiichukue. Adapta inabadilisha umbo la kichwa tu, waya unabaki uleule wa wati 75 na kadi itautaka 150. Pawa saplai yenye pini 6 moja, mtengenezaji wake mwenyewe hakuikusudia kwa kadi hiyo. Tafuta kadi inayotosheka na wati 75 za kwenye mazabodi.

Swali: Mkuu, yangu ya mwaka 2010 inacheza gemu saa tatu bila shida, ila nikiiacha bila kazi dakika kumi inazima. Ni joto?

Jibu: Joto lingeizima kwenye gemu. Tangu kizazi cha Haswell cha Intel cha mwaka 2013, prosesa zina usingizi mzito ambao karibu hauvuti kitu kwenye volti 12. Baadhi ya pawa saplai za zamani zikikosa mzigo hudhani kuna hitilafu na kujizima. Ingia BIOS, zima C6 na C7, ndiyo majina ya usingizi huo, uniambie.

Swali: Mkuu nimezizima tangu jana jioni, haijazima tena. Asante sana.

Jibu: Vizuri. Itakula umeme kidogo zaidi ikiwa imetulia, hilo usilishangae.

Swali: Fundi, nimetoa pawa saplai kwenye kompyuta ya ofisi iliyouzwa ikiwa kamili. Kichwa chake kina pini chache kuliko 24.

Jibu: Hizo zina mpangilio wake. Iache kwenye mashine yake, dada.

Swali: Yangu inalia kama mbu nikifungua gemu, ikitulia inanyamaza. Ni hatari?

Jibu: Hizo ni koili zinazotetemeka mzigo unapopanda. Inaudhi, ila peke yake si hatari. Sikiliza vizuri tu kama inatoka kwenye pawa saplai au kwenye kadi, maana nyingi zinatoka kwenye kadi. Ukisikia mpasuko wa ghafla, au mlio ukaja na harufu, chomoa plagi ukutani na usiiwashe tena.