Kumhudumia mjamzito kiziwi kupitia mkalimani: hatua kwa hatua

Muuguzi mmoja wa zahanati aliniomba nimwandikie haya baada ya kuhangaika na kliniki ya mama kiziwi.

1. Mtafute mkalimani mapema. Anzia CHAVITA, chama cha viziwi. Sema mada ni uzazi, mkubaliane malipo na nauli. Mganga mfawidhi akisita kutoa fedha, mkumbushe kuwa Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 inataja wakalimani wa kitaalamu wa lugha ya alama.

2. Jua mama anatumia alama zipi. Hapa ndipo saa hupotelea. Ambaye hakupita shule ya viziwi huenda hajui Lugha ya Alama ya Tanzania kabisa. Ana alama za nyumbani tu. Aliyesomea Kenya ana alama nyingine. Mkalimani mzuri hugundua mapema na kukwambia wazi; anayebabaisha mwache. Ikiwa ni alama za nyumbani, ongeza mkalimani ambaye naye ni kiziwi: anapokea kutoka kwa yule anayesikia, kisha anamfikishia mama kwa ishara, maigizo na michoro. Muda huongezeka sana, kwa hiyo msimweke katikati ya foleni ndefu.

Ndugu aweza kueleza alama ya nyumbani inamaanisha nini, basi. Majibu ya VVU hayapitii kwa mume, sembuse kwa mtoto. Na karatasi? Kwa viziwi wengi Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili. Tarehe ya kliniki andika. Ridhaa ya upasuaji, hapana.

Ukalimani kwa simu ya video siupendi. Mtandao ukikwama, mkono unaganda hewani na sentensi imekatika.

3. Kaeni vizuri. Mkalimani awe pembeni yako, mama awaone wote wawili. Dirisha lisiwe nyuma yenu.

4. Ongea na mama mwenyewe. "Unaumwa wapi?", si "muulize anaumwa wapi". Maelezo ya kipimo yatoe kabla hajapanda kitandani. Akishalala anaangalia dari, hamwoni mkalimani.

5. Dawa. Usiulize "umeelewa?", ataitikia kwa kichwa tu. Mpe bahasha iliyoandikwa 1x3 akuonyeshe atakavyomeza. Akimwaga vidonge vitatu kiganjani kwa mpigo, rudieni: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku.