Kabla hujavuka daraja la Ruzizi

Kutoka Bukavu, Kongo, kuingia Rwanda: karatasi kwanza. Kadi ya mpiga kura, lesepase (hati ya kusafiria), jetoni (kikaratasi cha kuvukia kwa muda mfupi): inategemea unakwenda wapi na utakaa siku ngapi. Masharti hubadilika, basi waulize waliovuka juma hilihili, si jirani aliyevuka mwaka jana. Mtoto naye awe na karatasi yake. Kumfunga mgongoni kwa kitenge hakumfanyi asionekane.

Mifuko ya plastiki iache Bukavu. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, na ng'ambo wataichukua na kukuachia vitu mikononi. Nimemwona mama akiingia upande wa Kamembe, mji wa ng'ambo, na unga wake ndani ya kitenge, watoto wawili wakimfuata na nyanya. Beba kikapu.

Noti za dola zikague moja moja. Iliyochanika hata kidogo, kambisti, mbadilisha fedha wa hapa, hataigusa.

Malori mazito hupitia Ruzizi ya pili, kivuko kingine cha mpaka. Daraja la zamani halikujengwa kwa mizigo ya siku hizi, usibishane nalo.

Sasa simu, na hapa nakuomba usome polepole.

Mpwa wangu alikuja kutoka Lubumbashi, mara yake ya kwanza Bukavu. Tangu mtaa wa Nguba nilikuwa namsimulia: kwamba zamani sana maji ya ziwa Kivu yalielekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likapanda na kutafuta mlango huku kusini, na mlango wenyewe ndio huu. Kwamba maji haya yanaanza karibu mita 1,460 juu ya bahari na kuishia ziwa Tanganyika, lililo chini ya mita 800, ndiyo maana yana nguvu ya kuzungusha mitambo. Kwamba mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka hapa na magodoro kichwani, nami nilikuwa kijana, nikawaona. Tulipofika, akatoa simu. "Mjomba, simama hapo, daraja lionekane nyuma." Nikasimama. Nikaweka kola sawa.

Mkono wake haujashuka, mtu aliyevaa kiraia akaushika. "Nani amekupa ruhusa?"

Tulikaa kwa muda wa saa nne kwenye benchi, katika chumba cha mabati. Mtu alikuwa akizipitia picha za kijana kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, bila haraka. Nikasema, "Shefu, huyu ni mgeni, kosa ni langu." Hakuinua macho. Jioni tukarudishiwa simu. Ilikuwa tupu. Picha ya daraja ilifutwa, na pamoja nayo zote, zikiwemo za mazishi ya dada yangu, mama yake kijana huyo. Alikuwa amezileta ili ukoo wa huku, ambao haukuweza kufika, uzione. Njiani kurudi hakusema neno, na nyumbani wazee walipomuuliza, "Basi tuonyeshe," nilijibu mimi.

Nilijua. Mtu yeyote aliyekulia hapa anajua kwamba daraja, mpaka, bwawa la umeme na askari havipigwi picha bila ruhusa. Ila mimi nililiona daraja la zamani kama kumbukumbu yetu, na anayelilinda analiona kama mpaka, juu ya mto ambao nchi tatu zinagawana umeme wake wa bwawa la Ruzizi ya pili tangu 1989. Jicho lake ndilo linalohesabika pale.

Kwa hiyo: picha zako za maana zihifadhi kwingine kabla hujatoka nyumbani, si kesho. Simu ibaki mfukoni tangu unapoona kizuizi cha kwanza, hata ukipigiwa. Ukitaka picha ya daraja kwa kazi au masomo, tafuta ruhusa ya maandishi mapema na uibebe yenyewe, si picha yake. Mgeni wako umwambie haya mkiwa bado sebuleni, kwa sababu mkifika pale uzuri wa mto utakusahaulisha wewe na yeye.

Na usivuke jioni kama huna haraka, uliza saa ya kufunga siku hiyohiyo. Mzigo wa mtu usiyemjua usiupokee, hata akikuita kaka. Siku mji ukiwa na wasiwasi, ahirisha. Waliobaki nyumbani wajue umeondoka saa ngapi, umevaa nini, na ng'ambo unamwendea nani.