Dalali akikupeleka kuona kiwanja karibu na mto, angalia haya kwanza

Jamani kila masika Jangwani hapa Dar inajaa maji, basi za mwendokasi zinasimamishwa, watu wanasema mvua ya mwaka huu imezidi. Sawa mvua ipo, ila mto Msimbazi tumeubana wenyewe. Maji yanashuka kutoka milima ya Pugu mpaka baharini pale daraja la Salenda, na njia nzima ni mabati na zege, zamani mvua ilikuwa inazama ardhini saivi inagonga bati inagonga pevingi inaingia mtoni yote kwa mpigo, na mto wenyewe umejaa tope na taka, sasa maji yaende wapi kama sio sebuleni kwa watu?

Kwahiyo ukiitwa kuona kiwanja nenda siku moja baada ya mvua kubwa, usiende mwezi wa nane kila kitu kikavu. Angalia kuta za majirani, tafuta mstari wa tope, rangi inabadilika kama imepigwa rula. Mimi niliwahi kusimama kwenye nyumba mstari ukanifika kifuani, na mlangoni wamejenga kaukuta ka magotini unakaruka ndio uingie ndani. Hakuna anayejenga vile kwa urembo. Halafu ongea na wapangaji, mwenye kiwanja muache, muulize mpangaji wa siku nyingi 2011 maji yalifika wapi. Desemba ile mafuriko yaliua watu karibu 40 Dar, wengine wakahamishiwa Mabwepande.

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, beba futi kamba upime mwenyewe. Na ukiona malori yanachota mchanga hapo karibu achana nacho kabisa, ukingo unamomonyoka, mita 60 za leo kesho zinakuwa 40.

Na kama tayari unakaa bondeni? Mjikusanye mtaa mzima kabla ya masika mzibue makalavati. Chupa za plastiki, magodoro, matairi, vyote vitoke na viondoke siku hiyohiyo, mkivirundika pembeni mvua ya kwanza inavirudisha palepale. Usimwage kifusi mtoni kuongeza uwanja, maji uliyoyasukuma yanaenda kwa jirani yako wa ng'ambo na ana watoto kama wewe. Uwani acha udongo na nyasi, usipige pevingi kote. Na tafadhali sana usifungulie chemba ya choo mvua ikinyesha, watu wanafanya hivi na ndio kipindupindu kinaanzia hapo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari, vyeti na hati tia kwenye mfuko wa nailoni uninginize juu kwenye kenchi, namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani, na watoto siku hiyo wasivuke mto kwenda shule hata kama maji yanaonekana ya magotini, yanakuja na nguvu ambayo huioni kwa juu.