Unataka kwenda kuumikwa (hijama)? Soma hapa kwanza

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, mwaka wa kumi na tatu sasa nimeinama kwenye meza moja, kwahiyo maumivu ya shingo na mabega nayajua vizuri. Kila mteja akiniona najinyoosha ananiambia mama nenda kapige hijama, damu chafu itoke, utakuwa mpya. Basi nikaenda, mara ya kwanza nilitoka kabla sijaguswa na mara ya pili nikafanyiwa, na yale niliyojifunza katikati hapo ndo nataka niyaweke hapa maana naona watu kuanzia Majengo na Pasua mpaka Ngarenaro kule Arusha wanaenda kwa kusikia tu kwa jirani.

Kitu chenyewe sio kigeni kwetu. Wazee walikuwa wanaita kuumika, au kupiga chuku, na walitumia pembe ya ng'ombe iliyotobolewa kwenye ncha, mwumikaji anaibandika mgongoni anafyonza hewa kwa mdomo halafu anaziba tundu kwa nta. Siku hizi ni vikombe vya plastiki na pampu ya mkono. Ila sasa elewa kwamba kuna kavu na kuna ya damu na hizo mbili hatari yake hailingani hata kidogo. Kavu, kikombe kinavuta ngozi dakika tano mpaka kumi hivi kinatolewa, basi. Ya damu, kikombe kikitoka unachanjwa vichale vidogo vya juujuu na wembe, afu kinarudishwa kivute damu. Wapo pia wanaowasha moto ndani ya kikombe, hiyo mi siwezi kukushauri kabisa kwa sababu watu wanaungua. Kwahiyo ukifika uliza unafanyiwa ipi kabla hujavua nguo.

Inasaidia? Kwa maumivu ya shingo na mgongo utafiti upo unaoonyesha watu wanapata nafuu ya muda, ingawa tafiti nyingi ni ndogo na sio imara. Mimi shingo ililegea kama siku nne nikawa nageuka bila kugeuza mwili mzima, nilifurahi kweli, kisha ikarudi taratibu. Lakini ukiambiwa inatibu kisukari, presha, ugumba na kila kitu, hapo simama. Damu inasafishwa na figo na ini, kila siku, bila wembe. Yule dada aliyenifanyia mara ya pili alinionyesha kikombe, ndani kuna damu nyeusi imeganda inatikisika kama kipande cha maini akasema unaona mama uchafu huu, na kweli ukiiona unaogopa, ila damu yoyote ikikaa nje ya mwili dakika chache inaganda na kuwa nyeusi hivyohivyo hata ukijikata kisu jikoni. Usije ukaacha dawa za presha au ARV kwa sababu umeonyeshwa kikombe. Tafadhali sana.

Sasa wembe. Hapa ndo nataka unisikilize zaidi kuliko pengine pote. Ile mara ya kwanza nilikuta watu wanne kwenye benchi, na nikaona vikombe vya mtu aliyetoka vinasuuzwa kwenye beseni la maji yaliyokuwa yameshabadilika rangi, vinafutwa na kitambaa, vinawekwa kwa mtu mwingine. Wembe sikuona unatolewa wapi. Nikavaa kitenge changu nikaondoka, nikaambiwa najidai, sawa. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye damu iliyokauka hata usiyoiona kwa macho, na maji ya beseni hayaviui. Kuna homa ya ini C, kuna Ukimwi. Kwahiyo kwa hijama ya damu kila mtu wembe wake mpya, ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako, na vikombe viwe vipya, vyako, usikubali vya kuoshwa. Avae glavu mpya, asafishe ngozi kwa spiriti, na wembe ukimaliza uende kwenye boksi la vyenye ncha kali, sio kwenye ndoo ya taka wanapocheza watoto. Mwambie "naomba nione ukiufungua". Anayejua kazi yake hakasiriki, yule dada wa mara ya pili alinionyesha hata kabla sijaomba.

Muulize pia usajili. Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake ndilo linalosajili watoa huduma, kwahiyo cheti ni haki yako kukiomba ukione.

Kuna watu hawatakiwi kabisa kuchanjwa bila daktari kujua. Mjamzito, mwenye upungufu wa damu, mwenye selimundu, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, hata aspirini ya kila siku itaje. Mwenye kisukari vidonda vyake vinachelewa kupona. Na kama ngozi yako ikikatwa kidogo inaota kovu la kuvimba, utatoka na mgongo wenye alama maisha yako yote. Kama una kliniki hospitali ya Mawenzi au KCMC, muulize daktari wako kwanza.

Na vijana wetu wapagazi, mkishuka mlimani mmebeba kilo 20 siku sita mwili umekauka maji, msikimbilie kuchanjwa siku hiyohiyo, kunywa maji, kula, lala kwanza. Ila kama mgongo unauma na miguu inakufa ganzi au mkojo unakutoka bila kujua, hiyo sio ya vikombe wala ya kusubiri, ni hospitali leo leo.

Siku ya kwenda kuumikwa, kula chakula kwanza, kunywa maji, usiende na njaa maana watu wanazimia. Ukisikia kizunguzungu sema hapohapo. Kwa Waislamu tarehe 17, 19 na 21 za mwezi wa Kiislamu ndo zinapendelewa, na foleni siku hizo ni ndefu, kwahiyo angalia wembe mara mbili.

Ukirudi utakuwa na mduara wa zambarau, unafifia ndani ya siku chache mpaka wiki mbili hivi, usiogope. Vichale viache vikavu na safi, usipake majivu wala dawa ya mitishamba juu yake. Pakivimba, pakatoa usaha au ukapata homa nenda kituo cha afya. Na kama umeshachanjwa na wembe usiouamini, usikae nyumbani ukihesabu siku kwa aibu, dawa za kukinga Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ni bora zaidi, nenda hospitali leo umwambie nesi ukweli kwamba ulichanjwa, na uulize hapohapo habari ya chanjo ya homa ya ini B na pepopunda.