Jinsi ya kumtwika Mungu mzigo wako mpaka moyo upumzike kweli

Wengi tunaomba hivi: Bwana nimalizie kwanza hili tatizo alafu nitatulia. Sasa ukisoma Mathayo 11:28 taratibu utaona Yesu anawaita watu ambao mzigo bado wanao, "msumbukao na wenye kulemewa na mizigo", hakuwaambia mkishamaliza kusumbuka ndo mje. Na akishawaita anawapa nira, ule mti wanaofungwa ng'ombe shingoni wakilima, yaani kazi bado ipo ila unaifanya ukiwa naye. Kwa hiyo kama unasubiri deni liishe, ndoa ikae sawa na majibu ya vipimo yatoke ndo upumzike moyoni, utasubiri sana, manake likiisha hili linaingia lingine.

Anza kwa kuutaja mzigo wenyewe. Hapa ndo watu wengi wanakwama, mtu anapiga magoti anasema Bwana nakukabidhi maisha yangu yote, anainuka na presha ileile, kwa sababu kile kinachomnyima usingizi hakukigusa kabisa. Chukua karatasi au simu uandike: ada ya mtoto, yale maneno niliyoambiwa kazini, huu uvimbe ninaoogopa kwenda kuupima. Alafu kwa kila kimoja jiulize, kuna kitu hapa mimi mwenyewe natakiwa nifanye? Kama kipo, iwe kuomba msamaha au kwenda huko kupima, kiandike pembeni na ukifanye, kumtumaini Mungu hakukutoi kwenye wajibu wako. Kinachobaki, yaani matokeo, mioyo ya watu wengine, kesho yenyewe, hicho ndo unamwachia. Petro anasema tumtwike fadhaa zetu ZOTE (1 Petro 5:7), kwa hiyo hata zile ndogo ambazo unaona aibu kumsumbua nazo Mungu zimo.

Na ukiwa umekasirika usiombe kwa maneno ya kujipamba. Zaburi 13 inaanza na "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?", hayo ni malalamiko kabisa, na ina aya 6 tu lakini mwishoni Daudi anaimba, wala hatuambiwi kwamba adui alikuwa ameshaondoka. Zaburi 88 yenyewe haifiki hata huko kwenye kuimba, inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia. Mimi napenda sana kwamba hawakuitoa. Ina maana unaweza kusema amina ukiwa bado unaumia na sala yako ikawa sala halali.

Alafu punguza kipimo, chukua ya leo tu. Kwenye Kutoka 16 wana wa Israeli walipewa mana, chakula alichowashushia Mungu jangwani, ya siku moja moja, na ile waliyoibakiza hadi asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Lakini siku ya 6 waliambiwa waokote mara mbili, na ile ya akiba haikuharibika, kwa sababu siku ya 7 ilikuwa ya kupumzika na Mungu alishaiandalia chakula kabla haijafika. Kwa hiyo tenga siku yako moja kwenye wiki, kama huwezi siku nzima basi nusu, ufunge kazi hata kama haijaisha (haitakuja kuisha hiyo, tusidanganyane), uende ibadani, ukae na watu wako. Binafsi naona hapa ndo imani inapimwa kuliko kwenye mkesha, kwa sababu kuacha kazi masaa kadhaa ni kukubali kwa vitendo kwamba dunia haishikiliwi na wewe.

Usiku ndo pagumu. Umeshakabidhi vizuri jioni, saa tisa usiku macho makavu na hesabu zimeanza upya kichwani. Usibishane nazo wala usishike simu, taja lile jambo kwa jina lake tena, sema Bwana hili nilishakupa, alafu rudia Zaburi 4:8 polepole, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara". Likirudi baada ya dakika tano lirudishe tena, haimaanishi ile ya kwanza ilikuwa ya uongo, ndivyo mtu anavyojifunza.

Na mwili nao usiusahau jamani, kuna watu wanakemea uchovu wakati hawajala wala kulala. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alikaa chini ya mretemu, mti wa jangwani, akaomba afe, nabii mkubwa hivyo, na Mungu hakumhubiria. Alilala, malaika akamgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate na maji, akala akalala tena, malaika akarudi mara ya pili akamwambia tena ale. Lile swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye kabisa, ameshafika mlima Horebu. Kwa hiyo kama hulali kwa wiki kadhaa, au na wewe umeanza kutamani kufa, mwambie mtu leo hii, mchungaji au ndugu unayemwamini, na uende kwa daktari. Maombi yataendelea hukohuko njiani.