Jinsi ya kuwaona bakteria wa mgando kwa macho yako

Wadogo zangu mnaosoma bailojia hapa Tabora, mchoro wa bakteria mnaujua wote, lakini ukimuuliza mtu ukuta wa seli unafanya kazi gani anakaa kimya. Mi naona dawa ni kuwatazama wenyewe, na wa kuanzia nao wapo pale sokoni kwa mama anayeuza maziwa yaliyoganda, mgando wa kibuyu. Chukua wa jana au juzi, wa wiki nzima achana nao maana seli zikishazeeka zinashindwa kushika rangi na utadanganyika.

Mgando una mafuta mengi, kwa hiyo usichote pale palipoganda, chota yale maji ya kimanjano yanayojitenga, tone moja, changanya na tone la maji safi kwenye slaidi halafu sambaza mpaka ubaki utando mwembamba ambao ukiuweka juu ya gazeti maandishi yanasomeka. Acha ukauke wenyewe, kisha pitisha slaidi kwenye moto wa spiriti mara tatu haraka haraka, upande wa sampo ukiwa juu. Ukiigusisha nyuma ya mkono iwe vuguvugu tu.

Sasa rangi. Njia hii ni ya Hans Christian Gram wa Denmark, ya tangu 1884, na mpaka leo hospitalini wanaitumia. Kristali vayoleti, ile rangi ya zambarau, dakika 1, suuza, ayodini dakika 1, suuza. Halafu inakuja spiriti na hapa naomba muwe makini jamani, inamisha slaidi, dondosha tone kwa tone huku unaangalia kinachotiririka chini, kikiacha tu kuwa zambarau suuza papo hapo, ni sekunde chache. Siku moja niliichelewesha, slaidi nzima ikatoka pinki na wanafunzi wakaandika gramu hasi, yaani wasioshika zambarau (wanaoishika ni gramu chanya), ikabidi turudie yote. Mwisho safranini, rangi ya pinki, dakika 1, suuza, kausha.

Kwa nini spiriti ndiyo inaamua? Kwa sababu ya ukuta. Gramu chanya wana ukuta mnene wa peptidoglaikani, matabaka kwa matabaka, spiriti inaukausha, vitundu vinabana na ile rangi iliyoshikana na ayodini inanasa ndani. Gramu hasi kama E. coli, bakteria wa utumboni, ukuta wao ni mwembamba na juu yake kuna utando mwingine wenye mafuta, spiriti inauyeyusha, zambarau inatoka, safranini inaingia.

Weka tone la mafuta ya lenzi, tumia lenzi ya 100, na ile ya jicho ya 10 inakuwa mara 1,000. Umeme ukikatika geuza kioo cha hadubini kuelekea anga jeupe, lakini jua lenyewe kamwe, utaharibu jicho.

Utaona vijiti vya zambarau, hao ni Lactobacillus, na vidoti vimepangana kama shanga kwenye uzi. Ukikuta yai kubwa limebeba kayai kadogo ubavuni hiyo ni hamira, mtazame vizuri uone anavyowazidi ukubwa wenzake. Hamira ana kiini. Bakteria hana, usipoteze muda kukitafuta, DNA yake imejikunja tu ndani ya saitoplazimu bila utando wowote kuizunguka, na ribosomu zake, yaani vile vitengeneza protini vya seli, ni 70S wakati zetu za kwenye saitoplazimu ni 80S (S ni kipimo cha kasi ya kuzama, kikubwa maana yake ribosomu ni kubwa zaidi). Hizo ribosomu kwa hadubini hii hazionekani, ni ndogo mno.

Ukiwa bado unaitazama ile zambarau, fikiria penisilini. Inachofanya ni kuzuia peptidoglaikani isijengwe, bakteria akikua ukuta unashindwa kumshika, anapasuka. Seli zako hazina ukuta huo, ndo maana dawa inampiga yeye inakuacha wewe.

Ukimaliza futa mafuta kwenye lenzi kwa karatasi yake laini kabla hayajakauka, slaidi loweka kwenye maji ya klorini, na mgando ulioingia maabara usinywe hata kama umebaki kibuyu kizima.