Jinsi ya Kuomba Uanagenzi wa Uwakili katika Kampuni za Sheria ya Biashara Kisumu na Nakuru

Mitihani ya Novemba inapokaribia, barua za maombi humiminika katika ofisi za mawakili. Nyingi ni barua ile ile iliyobadilishwa jina la mpokeaji, na baadhi hata jina hilo halikubadilishwa. Huniuma kuziweka kando, maana najua aliyeiandika amemaliza shahada, ameingia Kenya School of Law, chuo kinachowaandaa mawakili, na nyumbani kwao kuna watu waliouza ng'ombe ili afike hapo. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kujifunza sheria ya biashara huku kwetu. Mahakama ya Rufaa inakaa Kisumu na Nakuru, na miji yote miwili ina Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na ile ya Ajira. Kazi ipo, si lazima uhamie Nairobi.

Mchunguze wakili kwanza

Chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, unatakiwa kufanya uanagenzi, yaani kujifunza kazi chini ya wakili, kwa miezi sita. Wengi huvutwa na jina la kampuni mlangoni, lakini anayekulea kisheria na kutia sahihi karatasi zako ni mtu mmoja. Wakili huyo awe na angalau miaka mitano katika kazi, na leseni yake ya mwaka huo iwe hai. Ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, uandike jina lake pale pa kutafuta wakili, uone hali yake. Ni kazi ya dakika chache. Ukifanya uanagenzi chini ya mtu asiyestahili kulea, miezi hiyo inaweza kukataliwa, na utakayeumia ni wewe.

Anza kuomba mwezi wa Julai au Agosti, kabla hujazama katika kujiandaa kwa mitihani. Wengi huanza uanagenzi mapema mwaka unaofuata, na kampuni za miji yetu si kubwa. Nyingi huchukua mwanagenzi mmoja au wawili.

Jua kampuni inafanya kazi gani

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

"Sheria ya biashara" haina sura moja. Kisumu, sehemu kubwa ni kazi za benki: rehani za ardhi, dhamana, kudai madeni, na migogoro inayozunguka ukanda wa miwa. Nakuru utakuta mashamba ya maua ya Naivasha, nishati ya mvuke ya Menengai, vyama vya akiba na mikopo, na kampuni zinazonunua mashamba makubwa ili zikate ploti. Kampuni mbili zilizo jengo moja kwenye barabara ya Oginga Odinga zinaweza kuwa na wateja wasiofanana hata kidogo.

Utajuaje? Tovuti ya Kenya Law huchapisha hukumu bila malipo, na mara nyingi hukumu hutaja mawakili wa kila upande. Tafuta jina la kampuni, kisha chagua hukumu mbili tatu za karibuni uzisome mpaka mwisho. Utaona kama wao husimama na benki au na mkopaji, kama ni watu wa ardhi au wa mikataba ya ujenzi. Na ukisoma hoja zao utaanza kuzoea namna wanavyofikiri.

Fuata pia habari za biashara za eneo lako. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Mwanafunzi mwenye jicho la biashara hujiuliza: madeni ya wakulima yanabaki kwa nani? Mishahara iliyolimbikizwa je? Ardhi ya kiwanda imesajiliwa kwa jina la nani, na mwekezaji aliyeikodi anaweza kuiweka rehani? Huhitaji kuwa na majibu yote. Ukiweza kuuliza hivyo, tayari unafikiri kama mtu ambaye mteja anaweza kumlipa.

Barua

Ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, maana ndicho kiandikiwacho nyaraka za kazi hii. Ielekezwe kwa wakili kwa jina lake, na jina hilo liandikwe sawasawa.

"Mimi ni mchapakazi na ninaweza kufanya kazi chini ya presha" ni sentensi ambayo iko katika karibu kila barua, na hainiambii chochote. Linganisha na hii: "Katika mafunzo yangu mahakamani Kakamega nilisaidia masjala kupanga faili za madai ya kibiashara, nikaona nyingi zimekwama kwa sababu hati ya kiapo haikuwa na viambatisho vilivyotiwa muhuri." Huyu wa pili ameona kitu. Ninamwita.

Eleza kwa nini kampuni hiyo, ukitaja kazi yao uliyoisoma, lakini usiwapake mafuta. Kama uliwahi kuuza dukani kwa shangazi au kuandika hesabu za chama cha kina mama, liseme. Anayejua mkopo unavyomkaba mfanyabiashara mdogo ana faida ambayo darasa haliwezi kumpa.

Ambatanisha wasifu wa kurasa zisizozidi mbili, matokeo ya chuo, barua ya Kenya School of Law na nakala ya kitambulisho. Ukiombwa mfano wa maandishi yako, usitume waraka wa mteja uliouandaa ulipokuwa mafunzoni kwingine. Siri ya mteja haiishi siku unapoondoka ofisini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za watu. Tuma insha ya darasani au hoja za mashindano ya mahakama ya kuigiza.

Tuma kwa barua pepe, faili zote ziwe PDF moja yenye jina lako. Kisha peleka nakala ya karatasi mwenyewe, msalimie karani wa mapokezi vizuri, na umwombe akugongee muhuri kwenye nakala yako. Baada ya wiki mbili uliza mara moja, kwa adabu.

Mahojiano

Swali ninalolipenda: mteja wetu ni benki, mkopaji ameacha kulipa, rehani ni shamba. Tufanye nini? Anayekimbilia kusema "tuuze" ameanguka. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha kosa, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, na dalali naye ana notisi yake ya siku 45. Halafu rudi nyuma: kama ni nyumba ya ndoa, je, mke au mume aliridhia rehani? Kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ilipatikana? Benki hupoteza kesi kwa karatasi iliyokosekana siku ya kwanza, na mwanagenzi ndiye mara nyingi anayetumwa kuitafuta.

Usipojua, sema hujui na utaje ungeangalia sheria gani. Jibu hilo ninaliheshimu kuliko la kubahatisha.

Mwishoni, uliza wazi kuhusu marupurupu. Kampuni nyingine hulipa, nyingine hutoa nauli tu, nyingine hazitoi kitu. Si utovu wa adabu. Una kodi ya nyumba. Uliza pia kama utaonyeshwa kuandaa rehani na mikataba, au utakuwa mtu wa kupeleka faili mahakamani. Mahakama sasa zinapokea nyaraka kwa mtandao kote nchini, kwa hiyo ofisi ambayo mwanagenzi wake anashinda barabarani kutwa nzima haimfundishi biashara.

Ukipata nafasi

Omba barua ya kukubaliwa iliyotiwa sahihi na wakili mlezi mwenyewe, ikitaja tarehe ya kuanza. Kamilisha fomu za Kenya School of Law kabla ya tarehe hiyo. Kila wiki andika kazi ulizofanya, bila majina ya wateja, kwa sababu ripoti zitakapohitajika hutakumbuka. Usitie sahihi waraka wowote kama wakili. Sheria inakataza, hata kama bosi yuko safarini na mteja anapiga kelele.

Miezi sita ikikaribia kwisha, usingoje siku ya mwisho kupeleka karatasi za kuthibitisha. Mlezi anaweza kuwa na kesi Kericho wiki hiyo. Zipeleke mapema, chukua nakala, kwa sababu utazihitaji utakapoandaa ombi lako kwa Jaji Mkuu la kuapishwa, na nakala za ombi hilo huenda pia kwa LSK na Baraza la Elimu ya Sheria.